MASOMO YA UALIMU: NANI HULIPA, NA KWA MASHARTI GANI?

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Diani, Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga

Kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatolewapo, wazazi wengi wa Kwale huwa na swali moja. Kijana amepata alama ya C. Mlango wa Chuo Kikuu haumfungukii, kwa kuwa huko hutakiwa C yenye alama ya kujumlisha, lakini mlango wa ualimu u wazi, naye mwenyewe asema ataka kufundisha. Je, masomo hayo hulipwa na Serikali au na mzee wake? Na akiisha kuhitimu, ataandikwa kazi, au atarudi Msambweni na cheti chake akae barazani akingoja?

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa neno moja. Babu aliyesoma zamani atasema kwamba Serikali ndiyo iliyomsomesha, na kwamba kazi aliipata mara alipotoka chuoni. Asema kweli kwa zamani zake. Ndugu mkubwa aliyehitimu mwaka 2000 atasema kwamba baba aliuza ng'ombe, na kazi hakuiona kwa miaka mingi. Naye pia asema kweli. Kanuni zimebadilika mara nyingi, na jamaa nyingi zimepata hasara kwa sababu zilifuata kanuni za wakati uliokwisha kupita. Kwa hiyo yafaa mambo haya yaelezwe tangu mwanzo wake.

Wazo la kwamba Serikali imlipe mtu ajifunze ualimu lilipata kanuni zake kamili huko Uingereza mwaka 1846. Kijana wa miaka 13 aliyekuwa hodari darasani alichukuliwa kuwa mwanagenzi wa mwalimu wake kwa muda wa miaka mitano, kama vile mwanagenzi wa seremala au wa mhunzi. Serikali ilimlipa paundi 10 kwa mwaka wa kwanza, ikaongeza kidogo kidogo hata zikafika paundi 20 kwa mwaka wa tano. Na mwalimu mkuu aliyemfundisha baada ya saa za shule alipewa paundi 5 kwa mwanagenzi mmoja. Kila mwaka mkaguzi alikuja kumtahini. Waliomaliza vizuri waliweza kushindania nafasi za kusomeshwa chuoni kwa fedha za Serikali. Mwaka 1862 kanuni hizo zikabadilishwa, malipo ya moja kwa moja yakakoma, na mara hiyo vijana waliotaka kazi ya ualimu wakapungua. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, maana karibu miaka 160 baadaye lilikuja kuonekana Kenya pia.

Katika Kenya kazi ya kufundisha walimu ilianzwa na misheni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha kutoka Marekani. Mwalimu aliyechaguliwa kwenda huko alikwenda pamoja na mkewe. Mume alijifunza namna ya kuzungukia shule ndogo za vijijini na kuwasaidia walimu wake. Mke alijifunza malezi ya watoto na usafi wa nyumba. Waliotunga mpango ule walijua kwamba mwalimu hakai darasani tu. Hukaa kijijini, na kijiji kizima humtazama yeye na nyumba yake.

Hali ya Kwale ilikuwa tofauti na ya sehemu nyingine nyingi. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wazazi wao waliogopa kuwapeleka watoto katika shule za misheni wasije wakabadilishwa dini. Chuo cha Kurani kilikuwako vijijini, na huko mtoto alifundishwa kusoma, ingawa hakikuwa kisomo cha kumpatia cheti cha Serikali. Kwa ajili hiyo Serikali ilifungua shule yake yenyewe huko Waa, katika miaka ya 1920, ili Waislamu wa Pwani wapate elimu pasipo hofu hiyo. Lakini shule moja haikuweza kutosheleza wilaya nzima, kutoka Likoni hata Vanga, na kutoka ufuoni hata nyika ya Kinango. Upande wa kaskazini, Rabai na Ribe na Kaloleni, misheni zilikuwa zimekwisha kutia mizizi zamani. Kwa hiyo katika safari ya kupata walimu wa nyumbani, Kwale ilianza nyuma, na athari ya kuanza nyuma haijakwisha hata leo.

Tangu 1924 mabaraza ya wenyeji yalipewa uwezo wa kutoza kodi ndogo, na nyingi ya fedha hizo zilitumiwa kwa elimu. Mwaka 1934 zikaundwa Bodi za Elimu za Wilaya. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Archdeacon L. J. Beecher ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya Waafrika: miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari, pamoja na kuzidisha mafunzo ya walimu na ukaguzi wa shule. Waafrika wengi waliipinga wakisema kwamba watoto walio wengi wangeachwa nje baada ya miaka minne tu, na hofu yao haikuwa bure. Lakini mkazo uliowekwa juu ya kuwafundisha walimu kwanza ulikuwa wa haki. Darasa la makuti lenye mwalimu hodari ni shule. Jengo la mawe lisilo na mwalimu ni banda.

Zama zile mwalimu alitambulikana kwa daraja. Ziliitwa T kwanza, na baadaye P. Aliyemaliza shule ya msingi na kusoma ualimu alikuwa P3. Aliyefika Kidato cha Pili alikuwa P2. Aliyemaliza Kidato cha Nne alikuwa P1. Mshahara ulifuata daraja. Lakini mwajiri hakuwa mmoja. Wengine waliajiriwa na misheni, wengine na baraza la wilaya, na walimu wawili wenye cheti kimoja waliweza kupata malipo na masharti mbalimbali. Chama cha Walimu, KNUT, kiliundwa mwaka 1957, na mojawapo ya madai yake makubwa lilikuwa ni mwajiri mmoja kwa walimu wote. Dai hilo lilikubaliwa mwaka 1967, ilipoundwa Tume ya Kuajiri Walimu, ambayo watu huijua kwa herufi zake, TSC.

Hapo ndipo zilipoanza zama ambazo babu huzisimulia. Nchi ilikuwa huru, watoto wengi, walimu haba. Nafasi za vyuo ziligawanywa kwa wilaya ili kila wilaya ipate sehemu yake. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na Serikali, na aliyehitimu alipangiwa shule na Tume. Mwezi wa Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta aliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, na mwaka 1974 watoto wa Darasa la Kwanza wakaongezeka kutoka karibu 380,000 hata karibu 960,000. Walimu wangetoka wapi? Shule zilijaa vijana waliotoka shuleni wenyewe jana, wakashika chaki pasipo mafunzo yoyote. Mwaka 1975, kati ya walimu wapatao 90,000 wa shule za msingi, wapatao 40,000 hawakuwa wamefundishwa kazi yao.

Njia moja ya kuwainua walimu wa namna hiyo ilikuwa redio. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwako masomo ya posta na redio yaliyotengenezwa Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu, kwa ajili ya walimu wasiokuwa na cheti au wenye daraja la chini. Mwalimu alifundisha mchana. Jioni alisikiliza somo, akafanya zoezi lake, akalitia katika bahasha. Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, ilifanya jambo lililofanana na hilo kwa ukubwa zaidi baada ya Azimio la Musoma la 1974: makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa vitabu, redio na wakufunzi waliowazungukia. Wengine waliidharau njia hiyo. Lakini kijiji ambacho hakijapata kuwa na mwalimu hakina nafasi ya kudharau.

Mgeuko mkubwa ulikuja katika miaka kumi, kati ya 1988 na 1998, na ni lazima uelezwe polepole kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi walipopotea njia.

Mwaka 1988, kufuata taarifa ya kamati ya Bwana James Kamunge, Serikali ilikubali mpango wa kushirikiana gharama. Maana yake ilikuwa kwamba Serikali ingelipa mishahara ya walimu na wakufunzi, na mzazi angechukua sehemu yake: chakula, malazi, vitabu na mengineyo. Tangu hapo mwanafunzi wa ualimu akawa mtu wa kulipiwa karo na watu wa kwao. Wazazi walivumilia, kwa sababu mwisho wa safari ulijulikana. Mtu aliyeuza mbuzi au korosho kwa miaka miwili alijua kwamba mwaka wa tatu mwanawe atapokea mshahara.

Lakini mwaka 1998 Serikali ilisimamisha uajiri wa walimu wapya, na hesabu ya walimu wa umma ikawekewa kikomo cha 235,000. Waliohitimu hawakupangiwa tena shule. Vyuo havikufungwa, viliendelea kupokea karo na kutoa vyeti. Uajiri ulipofunguliwa tena mwaka 2001 ulikuwa wa namna nyingine: Tume ilitangaza nafasi za waliokufa, waliostaafu au waliotoka kazini, na kila mwenye cheti akaomba pamoja na wenzake. Hapo ndipo cheti na kazi vilipoachana. Zamani ilikuwa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Tangu hapo ni vitu viwili, na cha kwanza hakimleti cha pili kwa lazima.

Mwaka 2003, Serikali ya Rais Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto waliongezeka kutoka milioni 5.9 hata milioni 7.2, huku kile kikomo cha walimu kikiwa pale pale. Darasa lililokuwa na watoto 40 likawa na 80, na katika sehemu za nyika zaidi ya hapo. Kwa upande mmoja watoto wasiokuwa na mwalimu. Kwa upande mwingine walimu wenye vyeti wakiuza maji au wakiendesha pikipiki. Mzee wa kijijini huliona jambo hili kuwa ni wazimu, wala si rahisi kumwambia kwamba amekosea. Sababu yake ni fedha za mishahara, basi. Shule zikajitafutia njia: kamati, na baada ya Sheria ya Elimu ya 2013 bodi ya shule, ziliajiri walimu kwa michango ya wazazi. Mwalimu wa bodi hufundisha masomo yale yale kwa sehemu ndogo ya mshahara, na mchango ukikosa kulipwa, naye hukosa.

Sasa kanuni za masomo yenyewe. Cheti cha P1, kilichokuwa cha miaka miwili, kilikwisha ondolewa. Kufuata mtaala mpya ulioanza kutumika madarasani mwaka 2017 na kuendelea, masomo ya ualimu wa shule ya msingi yaligeuzwa kuwa stashahada ya miaka mitatu, na wanafunzi wa kwanza wa mpango huo waliingia vyuoni mwaka 2021. Mtihani hutolewa na Baraza la Mitihani la Kenya. Alama ya kuingilia ni C katika mtihani wa Kidato cha Nne. Waliokuwa na cheti cha P1 waliwekewa masomo mafupi ya kuwapandisha. Katika miaka ya karibuni maombi ya nafasi za vyuo vya Serikali yamepitia KUCCPS, ofisi ile ile inayogawa nafasi za vyuo vikuu, kwa hiyo kijana asiende kwa mtu binafsi anayemwahidi nafasi kwa malipo ya siri.

Mwaka ule 2021 na miaka iliyofuata, vyuo vingi vya ualimu vilikuwa na mabweni matupu. Muda umeongezeka kutoka miaka miwili hata mitatu, na karo pia; alama zinazotakiwa ni za juu; na kazi haina ahadi. Kijana mwenye C akahesabu, akaona ni heri aende kusoma udaktari wa msaada au ufundi. Hayo ndiyo yaliyofanana na mambo ya Uingereza ya 1862.

Kwa Kwale sharti la alama lina uzito wake. Wilaya ambayo zamani iliitwa Wilaya ya Digo haijapata kuwa na wingi wa watahiniwa wenye C. Hoteli za Diani huwavuta wavulana mapema, kwa sababu fedha ya ufuoni huonekana leo na fedha ya chuo huonekana kesho kutwa. Wasichana huachishwa na mimba au na ndoa. Upande wa Kinango njaa na ukame huwaondoa wote wawili. Hivyo wachache wafikao C ni mali ya wilaya, na kila mmoja wao anayekosa kwenda chuo kwa ajili ya karo ni darasa moja litakalofundishwa na mgeni, au lisifundishwe. Wageni wamefanya kazi njema Kwale, na shule nyingi zisingesimama bila wao. Lakini mambo ya nchi hubadilika. Mwezi wa Agosti 1997, fujo zilipoanza Likoni na kuenea, maelfu ya watu wa bara waliyakimbia makazi yao. Na pasipo fujo yoyote, mwalimu aliye mbali na kwao hutafuta uhamisho, jambo ambalo ni la kibinadamu. Tume yenyewe imewahi kushika njia mbili kinyume: tangu 2018 ilisukuma walimu wafanye kazi mbali na kwao, na baada ya uchaguzi wa 2022 mpango huo ukalegezwa.

Chukua mfano wa mzee mmoja wa Msambweni mwenye minazi na mikorosho kiasi, ambaye binti yake ameitwa Chuo cha Ualimu cha Shanzu, ng'ambo ya feri ya Likoni na daraja la Nyali. Jambo la kwanza asome barua ya kuitwa mpaka mwisho, wala asiangalie ile karo ya muhula wa kwanza tu. Aizidishe kwa mihula tisa ya miaka mitatu. Aongeze nauli, na aongeze gharama za mazoezi ya kufundisha, maana mwanafunzi atapelekwa shule kwa majuma kadhaa, na huko atahitaji nguo za heshima, karatasi za kutengenezea vifaa, na daftari za maandalio ya masomo. Gharama hizi ndogo ndogo hazitajwi sana, nazo ndizo zinazowarudisha nyumbani wasichana wengi, kwa kuwa msichana huona haya kuomba fedha ya viatu baada ya karo kulipwa.

Baada ya hesabu hiyo atazame misaada. Serikali ya Kaunti, iliyoanza kazi mwaka 2013, iliweka chini ya Gavana Salim Mvurya mpango wa kusomesha vijana uitwao Elimu ni Sasa, na vijana wengi wa Kwale wamesoma kwa fedha hizo. Uko pia mfuko wa maendeleo wa jimbo la uchaguzi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2003 na kuwekewa sheria mpya 2015, ambao hutoa misaada ya karo. Na kampuni iliyochimba madini ya titani karibu na Msambweni ilisomesha vijana wa sehemu zile. Lakini mzee na atambue tabia ya kila mfuko. Uchimbaji wa titani ulikoma mwisho wa 2024. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko wa jimbo haikupatana na Katiba, ikaupa muda hata Juni 2026. Na msaada wa Kaunti hufuata makadirio ya kila mwaka. Kwa hiyo msaada wa mwaka wa kwanza usihesabiwe kuwa ni wa miaka mitatu. Anayeanza kwa kutegemea hundi moja huweza kukwama katikati, na aliyekwama katikati hana stashahada wala fedha zake.

Iko njia ya pili ambayo wazazi wengi hawaitazami. Kwa Katiba ya 2010 madarasa ya watoto wadogo kabla ya shule ya msingi ni kazi ya Kaunti, si ya Tume. Kaunti hujenga vyumba hivyo na kuwaajiri walimu wake. Yako masomo ya stashahada kwa ajili ya walimu wa watoto wadogo, mbali na yale ya shule ya msingi, na mwajiri wake yuko Kwale mjini, si Nairobi. Mshahara wa huko umelalamikiwa mara nyingi kuwa ni mdogo, nayo ni kweli ya kupimwa. Lakini kijana anayejua Kidigo au Kiduruma ana faida kubwa mbele ya mtoto wa miaka minne ambaye hajui lugha nyingine.

Juu ya kazi baada ya chuo, kanuni ziko hivi. Sheria ya Tume ya 2012 hairuhusu mtu yeyote kufundisha bila kuandikishwa na kupewa namba. Kuandikishwa si kuajiriwa. Ni ruhusa tu. Wengi hulichanganya jambo hili, wakatoa fedha kwa matapeli wanaosema kwamba namba yao imetoka pamoja na kazi. Baadaye nafasi zikitangazwa, aliyeandikishwa huomba, na hupimwa pamoja na mambo mengine kwa muda aliokaa tangu kuhitimu, ili waliongoja sana wasisahauliwe.

Katikati ya kuandikishwa na kuajiriwa pamewekwa daraja jingine. Tangu mwaka wa fedha 2019/2020 Tume imechukua walimu wa mafunzo ya kazini, wakilipwa posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi katika shule za msingi na 20,000 katika sekondari. Walifundisha vipindi sawa na walimu wengine. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kumweka mwalimu aliyekamilisha masomo na kuandikishwa katika hali hiyo. Mwezi uliofuata walimu hao wa shule za sekondari ya chini waligoma, na mnamo Januari 2025 wapatao 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Mzazi asione kwamba jambo hili ni la watu wa Nairobi. Shilingi 15,000, mtu akipanga chumba Ukunda na kula, hazibakizi kitu cha kumrudishia baba aliyeuza ng'ombe. Na hesabu ya chuo ni lazima iingize mwaka mmoja au miwili ya namna hiyo, au zaidi.

Kumebaki jambo la hati, ambalo laonekana dogo. Mwombaji wa nafasi, wa msaada na wa namba ya Tume hutakiwa kuonyesha kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani. Pwani jina moja huandikwa kwa namna tatu: Hamisi, Khamis, Khamisi, Mwanakombo na Mwana Kombo. Karani haoni mtu, huona herufi. Vijana wa Vanga na Lunga Lunga, kwa kuwa wa mpakani, huulizwa maswali mengi zaidi kabla ya kupewa kitambulisho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi, walikaa miaka mingi pasipo kitambulisho kabisa. Mwezi wa Oktoba 2016 walikwenda Nairobi kumwona Rais, wakakubaliwa kuwa raia, na vitambulisho wakaanza kupewa 2017. Wapemba wanaovua samaki katika pwani hii walikubaliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo mtoto wao, hata angepata A, asingeweza kuandikishwa kuwa mwalimu.

Majina na yalinganishwe mtoto angali katika Kidato cha Tatu, kabla ya kuandikishwa kwa mtihani. Jina likiisha kuchapwa katika cheti cha mtihani, kulisahihisha huchukua muda mrefu, na tangazo la nafasi za chuo halingoji. Mzazi achukue cheti cha kuzaliwa, aende nacho shuleni, amwombe mwalimu mkuu amwonyeshe namna jina la mwanawe lilivyoandikwa katika orodha ya watahiniwa, na herufi moja ikitofautiana amwambie siku ile ile.